Kuku wa Miguu Mitatu

Kabla hujaanza kusoma nakuomba unisamehe mwandiko. Mkono wangu ni mzito, herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na zile ra na la zinanichanganya mpaka leo. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, na makosa mengine siyaoni hata nikirudia kusoma. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo. Mbele za watu mdomo wangu hujifunga wenyewe, kwa hiyo nimeona bora niandike.

Kwetu ni Pasiansi, kando ya ziwa. Baba yangu ni mvuvi wa nyavu. Kila mvuvi wa upande wetu ana alama anayoipaka kwa lami kwenye maboya yake, na maboya yenyewe ni madumu matupu ya mafuta ya kula. Alama yetu aliianzisha babu: duara, kidomo kidogo pembeni, na mistari mitatu chini. Babu alisema ni jua linalochomoza. Wenzake wakamcheka, wakasema ni kuku wa miguu mitatu, na jina likabaki hilo. Upepo ukikata wavu ukaenda nao mbali, anayeuokota hutazama boya, anasema, "Huu ni wa kuku," anauleta. Baba naye akikuta wavu wa mwenye nyota au mwenye jembe anaurudisha, hata kama wamenuniana na yule mtu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote. Mtoto wa mvuvi huzijua alama za maboya kabla hajazijua a, e, i, o, u.

Baba ana mdogo wake mmoja, ambaye mimi namwita Baba Mdogo. Yeye aliacha ziwa mapema, alisema maji yanamzeesha. Ilipokuja biashara huria alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua duka Mabatini, mjini. Zamani watu walikuwa wanapanga foleni kununua sabuni. Miaka hiyo ya biashara huria sabuni ndizo zilikuwa zimepanga foleni kumngoja mnunuzi. Kila duka lilikuwa linatafuta njia ya kumvuta mtu asiende kwa jirani. Baba Mdogo aliuza karabai, zile taa za kujaza upepo ambazo wavuvi wa dagaa hubeba kwenye mitumbwi kipindi cha giza, zile siku ambazo mwezi hauonekani, pamoja na vioo, sindano za kuzibulia na tambi zake. Utambi wa karabai ni kama kisoksi cheupe cha kitambaa. Ukishaungua mara ya kwanza unabaki jivu lililosimama, na hilo jivu ndilo linalotoa mwanga. Ukiligusa tu limekwisha.

Nilipomaliza shule alimwomba baba nikamsaidie dukani. Nilifurahi na niliogopa. Kupanga vitu nilikuwa najua, na kuwasha karabai nilijifunza upesi mpaka nikawa naizibua kwa sindano huku nimefumba macho. Shida ilikuwa wateja. Mvuvi akisimama mbele yangu na kuuliza kitu, maneno yalikuwa yananikwama, nikawa naangalia vidole vyangu.

"Huyu binti umemnunua pamoja na taa?" aliuliza mteja mmoja. "Maana naye anataka kujazwa upepo ndiyo atoe sauti."

Watu wakacheka, hata Baba Mdogo.

Wakati huo Baba Mdogo alikuwa amechapisha vikadi vya kufunga kwenye kila karabai. Viliandikwa jina la duka kwa herufi kubwa, na chini yake: KARIBU TENA MTEJA WETU MPENDWA. Alivipenda mno. Lakini mimi nilikuwa naona vinakokwenda. Mteja alikuwa anakikata kabla hajavuka barabara, anakitupa, au anasokotea tumbaku. Mzee mmoja wa kutoka Magu alikirudisha juu ya meza kwa adabu kabisa.

"Hiki kinanisaidia nini, mwanangu?"

"Ni jina la duka, mzee," nikasema kwa taabu.

"Duka si nipo ndani yake?"

Swali la mzee yule lilinikaa. Tena watu walikuwa wanarudi kila siku na malalamiko yaleyale: utambi umetoboka. Ulikuwa unatoboka kwa sababu walijaza upepo kabla haujaungua vizuri. Kila mmoja ilikuwa lazima nimweleze, na kueleza ndiko kulikokuwa kunaniua. Basi nikachukua maboksi ya viatu, nikayakata vipande, nikachora kwa kalamu ya wino. Picha ya kwanza, mkono unafunga utambi. Ya pili, utambi unaungua kwa moto wa spiriti na pampu imepigwa msalaba. Ya tatu, utambi umekuwa mweupe, sasa mkono unapiga pampu polepole. Ya nne, karabai imerudi mlangoni pa duka na mimi nimeshika sindano, maana yake ikiziba rudi, utasafishiwa bila malipo. Hiyo ya nne nilimwomba Baba Mdogo ruhusa. Akasema haya, sindano haili chochote.

Hapakuwa na neno hata moja. Asiyejua kusoma alielewa, na mimi nilipona kuongea. Nikiulizwa, nilikuwa nanyoosha kidole tu kwenye kadi.

Kadi zile hazikutupwa. Wavuvi walizifunga kwenye mshikio wa karabai kwa uzi wa nyavu, na wengine wakazipaka mafuta ya taa zisilowe. Mtu alinunua taa, akaenda nayo, halafu akaja jirani yake anauliza, "Nataka ile yenye picha." Baba Mdogo akaona. Siku moja aligeuza kadi, akatazama nyuma yake palipokuwa patupu.

"Hapa panahitaji alama," akasema. "Mtu akiona tu, ajue ni sisi. Tuweke kuku."

Nikamwambia kuku ni wa baba. Basi Jumapili baada ya ibada akaja nyumbani Pasiansi na kilo ya sukari, akamweleza baba. Baba alikuwa anashona wavu. Alimaliza fundo kwanza.

"Wewe uliondoka ziwani," akasema. "Kuku anakaa kwenye nyavu."

"Kaka, wanunuzi wangu si wavuvi haohao? Wanamwamini kuku. Na anayechora ni mwanao mwenyewe, si mtu baki."

Baba akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona nina kazi ya mtu mzima. Akauliza, "Taa zenyewe ni nzima?"

"Kila inayotoka naijaribu mwenyewe," nikajibu, na sauti ilitoka.

"Basi mchukueni. Lakini mkumbuke, mtu akimwona kuku, anakuwa ameniona mimi."

Toka siku hiyo nyuma ya kila kadi kulikuwa na kuku. Nami sikufunga kadi kwenye kitu ambacho sijakijaribu. Wavuvi walifurahi.

"Binti, huyu kuku wako anataga?"

"Anataga mwanga," nikamjibu yule aliyeuliza. Nilijishangaa. Walicheka, na safari hii nami nilicheka.

Mwezi wa mavuno mama alinituma Magu kumsaidia dada yake kuvuna mpunga. Kabla ya kuondoka nilimwambia Baba Mdogo kwamba zile tambi mpya, zilizoletwa na mchuuzi kwenye magunia bila boksi, nimezijaribu na hazifai. Zilikuwa zinaungua vizuri, halafu karabai ikitikiswa kidogo tu zinamwagika kama unga. Na mtumbwini nini kisichotikisika?

"Nimekusikia, mama," akasema. Alipenda kuniita hivyo. "Nitamrudishia mwenyewe. Nenda salama, msalimie shangazi yako huyo." Alikuwa anajua fika kwamba ni mama yangu mkubwa, ulikuwa utani wake wa siku zote.

Niliporudi nilipitia nyumbani kwanza. Nilimkuta baba amekaa kwenye mtumbwi uliopandishwa mchangani, na mbele yake wamesimama wavuvi wa dagaa wa mwalo wetu, wanaopandisha mitumbwi hapohapo. Chini palikuwa na karabai. Nikaamkia. "Shikamooni." Ni mmoja tu aliyeitikia marahaba, nusunusu.

"Ndiye huyu?" akauliza mwingine.

"Ndiye binti yangu," akasema baba.

Mtu yule akachukua kadi iliyofungwa kwenye karabai, akainua mkono wangu na kuniwekea kiganjani. "Haya, tuambie. Tumekwenda kazini na tambi za kuku, zote zimemwagika kabla hatujaona hata dagaa mmoja. Tumerudi mikono mitupu, tumekwenda tena, hivyohivyo. Giza limekwisha sasa, mwezi umetoka, watoto wanakula nini? Tumemfuata wa dukani, anasema kadi anatengeneza binti wa kaka yake, tumuulize yeye."

Niliitazama kadi. Ilikuwa imechapwa mtamboni, karatasi nzuri inayong'aa. Upande mmoja jina la duka. Upande wa pili kuku wangu, mkubwa, mweusi, na miguu yake mitatu imenyooka kuliko nilivyowahi kuichora mimi. Picha hazikuwepo. Hata moja.

Nilitaka kusema si yangu. Mdomo ukajifunga. Nilisimama pale na kadi mkononi, na wao wakauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu.

"Na mzee tulimwamini," akasema wa mwisho walipokuwa wanaondoka. Hakumsemesha baba. Alisema akilitazama boya la kuku lililokuwa mtumbwini.

Kesho yake tulikwenda Mabatini, baba na mimi. Kwenye meza kulikuwa na boksi zima la kadi zinazong'aa, na zile tambi za magunia zimefungashwa mojamoja, kila moja na kuku wake. Baba Mdogo alituletea viti. Aliagiza chai. Baba hakukaa.

"Umewaambia watu ni mtoto."

"Kaka, nilisema anayetengeneza kadi ni yeye. Nimedanganya wapi?"

"Picha ziko wapi?" niliuliza mimi. Sijui nguvu ilitoka wapi.

Akanigeukia, tena kwa upole, kama siku zote. "Mama, wateja hawanunui picha. Wananunua kuku. Nimejaribu, umeona mwenyewe. Na ile picha ya nne ilikuwa inawarudisha watu dukani kila siku na taa zao mbovu. Nani anafanya biashara ya kurudiwa?"

Picha ya nne ndiyo iliyowafanya wasiitupe kadi. Walijua wakikwama kuna mahali pa kurudi, na mtu wa kuwasaidia. Yeye aliing'oa hiyo, akabakiza kuku tu, uso ambao watu walikuwa wameuzoea. Na aliyajua yote haya. Alikuwa anakaa nyuma yangu kila siku akiona.

"Alama ile aliiacha baba yetu," akaendelea kumwambia baba. "Mimi pia ni mtoto wake."

"Ni kweli," akasema baba. "Ndiyo maana nilikupa. Mgeni nisingempa."

Akageuka akatoka. Chai ilibaki pale mezani. Mimi nilichukua sindano yangu ya kusafishia na kalamu yangu, nikamfuata. Baba Mdogo aliita, "Mama! Mama, usiwe mtoto!" Sikugeuka. Toka siku hiyo sijamwamkia, na kwa huku kwetu mnajua kutomwamkia baba yako mdogo ni jambo gani. Silifurahii.

Halafu ukaja upepo mkubwa wa kusini, ukakata wavu mmoja wa baba. Tulingoja. Zamani hazikuwa zinapita siku nyingi kabla ya mtu kufika na wavu begani anadai chai. Safari hii hakuja mtu. Baba alikwenda kuutafuta mwenyewe kwa mtumbwi, na akakuta boya tu, limewekwa juu ya jiwe kando ya maji, kuku ametazama juu. Wavu haukuwepo. Yeyote aliyeliweka pale alitaka tulione.

Baba alikusanya maboya yote uani, akachukua kipande cha chupa, akaanza kukwangua. Alikwangua moja baada ya jingine. Mama alimletea uji, ukapoa. Alipomaliza akaniita, akanipa kopo la lami na brashi.

"Chora nyingine," akasema. "Yoyote utakayopenda. Wewe ndiye mwenye mkono."

Nilichovya brashi. Nilichuchumaa mbele ya dumu mpaka lami ikakauka kwenye nywele za brashi. Sikuweza. Nikichora nyota au mwezi, ni kama nakubali kwamba kuku alikuwa tapeli. Nikimrudisha kuku, baba atapoteza na nyavu zilizobaki. Baba hakunigombeza. Alisema maboya yakae matupu mpaka giza lijalo, halafu niamue, maana hawezi kutupa nyavu zisizo na mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, kama uko mwambao huu au una ndugu huku, tazama karabai yenu. Kama ina kadi, igeuze. Ukikuta picha nne za wino, hiyo ni yangu, na utambi wake niliujaribu kwa mkono wangu. Niandikie uniambie kama bado inawaka, na kama bado unamwona kuku kuwa ni baba yangu. Ukikuta kadi inayong'aa, niandikie pia, hata kwa matusi, ueleze kilichokupata. Utambi mzima nitautafuta nikuletee. Barua wape hao watakaoyachapa maneno haya, watanifikishia. Nitajibu kila mmoja, ila mnivumilie, naandika polepole. Maboya yako uani, matupu, na lami nimeifunika isikauke.