Shangazi Hibaaq na Majina ya Akina Mama

Kibanda cha chai cha shangazi yangu Hibaaq kiko ubavuni mwa soko la ngamia hapa Burco. Ukitaka kujua serikali imefanya nini jana, au sheikh amesema nini msikitini, au mtu fulani ni wa ukoo gani mpaka babu yake wa ishirini, huna haja ya redio. Unakaa kwenye kigoda, unaagiza chai ya maziwa, unanyamaza. Kunyamaza nakuweza, ndiyo maana nikiwa sina kipindi chuoni naenda kumsaidia kuosha vikombe.

Wiki ya uchaguzi wa baraza la mji nilikuwa peke yangu niliyenyamaza.

Wagombea wawili walikuwa wanabanana, wote wa chama kimoja. Mmoja ni baba yangu, Saleebaan, kaka yake shangazi. Wa pili ni Liibaan, mwana wa shangazi wa kumzaa. Shangazi ni wa ukoo wa Reer Samakaab kama baba na mimi, lakini aliolewa kwa Reer Hildiid, na kwetu mtoto hufuata ukoo wa baba yake. Kwa hiyo Liibaan alikuwa mtu wa Reer Hildiid, baba mtu wa Reer Samakaab, na kila upande ulikuwa na uhakika kwamba Hibaaq ni wake.

Wala hawakuitaka kura yake tu. Walitaka sauti yake. Shangazi hutunga buraanbur, mashairi ambayo wanawake huyaimba kwa ngoma, na akimsifu mtu leo, kesho mji mzima unaimba sifa hizo ukikanda unga. Siku ya mkutano wa kampeni wa chama ilikuwa Alhamisi, uwanjani. Angeimba jina moja, na mwenye jina la pili asingekanyaga tena kizingiti chake. Ama kaka, ama mwana. Hakumwambia mtu kwamba anaogopa, lakini wiki ile mara mbili alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na wateja wakanywa hivyo hivyo kwa kumhurumia.

Jumatano asubuhi baba aliingia na bakora yake, akakaa kabla hajakaribishwa.

“Hibaaq, dada yangu, umeshatunga?”

“Ninachotunga hapa ni anjera,” shangazi akasema, akimimina uji wa mkate huo mwembamba kwenye kikaango.

“Usinichezee. Wewe ni binti yetu. Ukigongwa na gari leo, nani atadai fidia ya damu yako? Reer Hildiid? Ni sisi!”

“Kwa hiyo kaka umekuja kuniomba kura kwa maiti yangu mwenyewe?”

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Gurey, dalali wa ngamia ambaye hajawahi kuuza ngamia bila kupiga kelele, akajipiga paja kwa mkono wake wa kushoto. “Usiwe na wasiwasi, dada! Hao ngamia wa fidia nitawachagua mimi. Hutaona hata mmoja aliyekonda!”

Hapo Liibaan naye akaingia, mbio mbio, shati limemganda mgongoni. Alimwamkia baba kwa mikono miwili, maana mjomba ni mjomba hata mkiwa vitani.

“Mjomba, umeniwahi.”

“Nimezaliwa kabla yako, kijana. Nitakuwahi siku zote.”

“Mama,” Liibaan akasema, “mimi umenizaa. Huyu ulimkuta tu nyumbani.”

Kicheko tena. Hata baba aliuma midomo asicheke. Shangazi hakucheka. Alikuwa anafunika anjera ambayo tayari ilikuwa imeiva.

“Sheikh Muhumed!” Gurey akaita. “Hebu tukate shauri. Mwanamke aliyeolewa ni wa nani?”

Sheikh alikuwa pembeni, anapuliza chai yake. “Kaburini utaulizwa Mola wako nani, dini yako ipi, Mtume wako nani. Huulizwi wewe Reer gani.”

“Basi mnisubiri huko huko,” shangazi akasema.

“Lakini sheikh, malaika hawapigi kura!”

“Astaghfirullah, Gurey.”

“Nimeuliza tu, jamani!”

“Na hiyo ngoma ya kesho,” sheikh akaendelea, “mbele ya wanaume, na kipaza sauti…”

“Sheikh wangu,” shangazi akamkatiza kwa adabu, “harusi ya binti yako nani alinifuata nyumbani nikaimbe?”

Sheikh akarudi kwenye chai yake.

Baba na Liibaan wakaanza kuongea kwa pamoja, huyu damu, yule tumbo, sauti zinapanda, na watu wa sokoni wakaanza kujazana mlangoni. Ndipo shangazi akaitua birika kwa kishindo.

“Wimbo huanza na nasaba. Nisomeeni zenu nizisikie.”

Baba akafumba macho, akazimwaga: baba, babu, baba wa babu, mpaka Samakaab mwenyewe na kupita, bila kuvuta pumzi. Liibaan akazimwaga za kwake, na Gurey akamsahihisha mahali pamoja, kisha wakabishana kidogo, kisha Gurey akakubali kwamba alikosea.

“Vizuri,” shangazi akasema. “Sasa nipeni za akina mama. Mama, mama wa mama, mama wa mama wa mama. Anzeni na mama yangu, mfike wa tano. Atakayeniletea majina hayo kabla ya alasiri, ndiye nitakayemwimba kesho.”

Baba akajishika ndevu.

“Mama yetu ni Ambaro. Ambaro alizaliwa na Ebla. Ebla alizaliwa na… na…”

“Nyanya Ambaro,” Liibaan akadakia. “Mama yake ni Ebla. Mama yake Ebla ni…”

Wakakwama palepale, kwenye jiwe lilelile. Wazee waliokuwa mlangoni wakatazamana. Niliona mmoja akihesabu kwa vidole, midomo inacheza, anajaribu akina mama wa kwake, halafu akauficha mkono ndani ya shuka.

“Wallahi!” Gurey akapiga ukelele. “Hawa wawili ni ukoo mmoja! Reer Ambaro!”

“Nyamaza, Gurey!” wakamjibu kwa pamoja.

Aliyebaki hai wa kujua majina hayo alikuwa mmoja tu, Nyanya Barni, mdogo wake Ambaro, anayeishi na mifugo yake nje ya mji. Baba akachomoa simu. Liibaan akachomoa yake.

“Inatumika,” akasema baba.

“Inatumika,” akasema Liibaan.

Wakakodoleana macho.

“Kata simu, kijana!”

“Kata wewe, mjomba!”

Kila mmoja alimzuia mwenzake, mpaka Nyanya Barni akachoka na mlio akazima simu kabisa. Ikabaki mbio. Baba akarukia gari lake, nikaona bakora imesahaulika kwenye kigoda. Gari likakohoa, likakataa. Watu wakalisukuma wakishangilia, likakataa tena. Liibaan alikuwa ameshawasha lake. Akaenda mpaka mwisho wa soko, akasimama, akarudi nyuma taratibu, akafungua mlango.

“Panda, mjomba.”

Baba alipanda bila kumtazama. Vumbi lilipotulia, soko zima lilikuwa linapiga makofi, na shangazi amejifunika uso kwa mtandio. Sikujua kama analia au anacheka.

Adhana ya alasiri ilikuwa haijatoka waliporudi. Katikati yao, kiti cha mbele, amekaa Nyanya Barni mwenyewe, mdogo kama mtoto, anawagombeza wote wawili.

“Amekataa kututajia,” baba akasema, sauti imekauka. “Njia nzima.”

“Niwatajie nini?” Nyanya akang’aka. “Tangu nizaliwe hakuna mwanamume aliyeniuliza. Leo wanataka kura! Nitamtajia Hibaaq.”

Akashushwa, akapewa kigoda na chai, akainywa yote kwanza, sote tumesimama. Kisha akasema, polepole: “Ambaro wa Ebla. Ebla wa Tusmo. Tusmo wa Shankaroon. Shankaroon wa Dahabo.”

Shangazi aliyarudia. Nami niliyarudia, kwa sauti, na watu wakageuka kunitazama.

“Sasa nani kashinda?” Gurey akauliza.

“Nilisema atakayeleta,” shangazi akajibu. “Wameleta wawili.”

Alhamisi aliimba. Alianza na Dahabo, akashuka jina kwa jina, na ngoma zikashuka naye. Alipofika kwa Ambaro akagawanya wimbo, mwana huku, mjukuu kule, akawasifu wote wawili. Wazee wa pande zote walikunja uso. Lakini wanawake wa Reer Hildiid na wa Reer Samakaab walikuwa wameshaingia uwanjani, wanarusha mitandio, kila mmoja akimpigia kelele Hibaaq ataje na mama yake yeye, na hakuna aliyeweza kuwapanga tena.

Siku iliyofuata upigaji kura, matokeo bado, baba na Liibaan walikuwa kwenye mkeka mmoja kibandani, vidole vina wino.

“Dahabo alikuwa wa Reer Samakaab,” baba alikuwa anasema. “Lazima.”

“Mjomba, yule ni wa Reer Hildiid! Jina lenyewe ni la kwetu!”

“La kwenu? Sheikh, sikia huyu!”

Shangazi akanitazama, akatikisa kichwa, akawamiminia chai. Nilionja ya kwangu. Ilikuwa na sukari.