Kioo Alichokisugua Shangazi

Kwaru, kwaru, kwaru. Hiyo ndiyo sauti ya asubuhi za utoto wangu pale Bangwe: wanawake wameinama ukingoni mwa ziwa, kanga zimekazwa viunoni, wanasugua masufuria kwa mchanga. Mchanga wetu ni laini, na masizi ya kuni hayana ujanja mbele yake. Harufu ya dagaa walioanikwa ilitanda kila mahali, kiasi kwamba sisi wenyeji hatukuisikia tena mpaka tusafiri na kurudi. Hadi leo, nikisikia chombo kikikwaruzwa na mchanga, moyo unanilipuka kwanza, halafu nacheka peke yangu mpaka watu wananigeukia.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, na hakuwa mtu wa kukiacha kitu kama alivyokikuta. Mgeni mmoja aliyekuja kuchunguza samaki wa ziwani, siku ya kuondoka, alimwachia darubini. Usifikirie ile ndogo ya mabaharia. Hii ilikuwa bomba jeupe, nene, na chini kabisa ndani yake kulikuwa na kioo cha duara kilichobonyea kidogo kama sahani. Mwanga wa nyota uliingia mdomoni mwa bomba, ukagonga kioo kile, ukarudi juu kwenye kioo kingine kidogo kilicholala mshazari, ndipo ukatokea ubavuni, mahali pa kuweka jicho. Miguu yake ya kusimamia ilikuwa imevunjika safarini. Baba akaliundia bomba kiti cha mbao za mtumbwi mkuukuu, chini yake akapigilia vipande vya dumu la mafuta ili kizunguke bila kukwama. Ubavuni akafunga kipande cha bomba la nyaya za umeme cha kulengea nyota, na lenzi ndogo za kuchungulia alizitunza ndani ya soksi zake za Ijumaa. Mama hakuvutiwa hata kidogo. Kona ya bati la nyumba yetu ilimwaga mvua mlangoni, naye alikuwa akiikinga kwa beseni, kwa hiyo kila alipolitazama lile bomba jeupe aliona mfereji uliokaa bure.

Baba alikosea pale alipoanza na ziwa. Mchana mmoja alimwita jirani yetu Misago, nahodha wa mtumbwi wa dagaa, mtu mwenye sauti ya kusikika mpaka Ujiji, akamlengea mtumbwi wake uliokuwa umetia nanga. Sasa, darubini za vioo hugeuza kila kitu juu chini. Nyota haikujali jambo hilo, lakini Misago alipoweka jicho alikiona chombo chake tumbo juu, na vijana wake wakining'inia vichwa chini, maji yakiwa angani. Kwa watu wanaokula kutokana na ziwa, huo si mzaha. "Mwalimu!" alinguruma. "Umenipindulia chombo mchana kweupe!" Wiki ileile nyavu zake zikachanika, na ikawa basi. Bomba letu likaitwa nuksi. Akina mama walikataza watoto wao kupita mbele ya mdomo wake, na wateja wa maandazi ya mama wakaanza kuzunguka upande wa pili wa barabara.

Mama alivumilia kidogo, halafu akasema mbele yetu sote, "Baba Zuhura, ama ulisafishe jina la hili bomba, ama naita fundi alifunge kwenye kona ya bati." Zuhura ni mimi, na nililia kama niliyefiwa. Baba akamwendea Misago. Akamwambia asubiri mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukishawaka dagaa hawazifuati tena taa za karabai, mitumbwi yote hupandishwa mchangani na kila mvuvi huwa nyumbani akishona nyavu. "Jioni ya kwanza ya mapumziko njoo na watu wako," baba alisema, "nikuonyeshe kitu kisicho na juu wala chini." Alimaanisha Zohali, ile sayari yenye pete. Misago alikubali, lakini kwa kelele, ili mtaa mzima usikie. "Nikiona kilichopinduka tena, mwalimu, nalibeba mwenyewe mpaka kwenye bati la mkeo!"

Siku zile mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu, na dada mkubwa wa baba, Shangazi Nyandwi, alikuwa ameshuka kutoka Kalinzi kuja kumsaidia, na ndoo ndogo ya maharage kichwani. Shangazi hakuweza kulala nyumba moja na uchafu. Kwao milimani walisugulia majivu na majani ya migomba, hivyo mchanga wa ziwani aliuona kama neema aliyocheleweshewa. Masufuria yetu yalianza kung'aa mpaka mama akaona aibu kuyabandika jikoni. Siku moja kabla ya ahadi, baba alikitoa kioo kikubwa ndani ya bomba na kukiloweka kwenye beseni, maji safi na matone machache ya sabuni. Kioo cha namna ile hakifutwi. Unakiacha kilowe mpaka vumbi lielee lenyewe, kwa sababu ile ngozi yake ya fedha ni nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Kisha akaitwa shuleni mara moja. Shangazi akapita uani, akaona sahani ya kioo imelowekwa na watu wavivu, akaitia pamoja na vyombo vingine, akaenda ziwani.

Niliisikia kabla ya kuiona. Kwaru, kwaru, lakini kwa sauti nyembamba, isiyo ya sufuria. Nilikimbia mpaka kandambili zikanitoka. Alikuwa amekwishasugua nusu ya uso wa kioo, na nusu ile ilikuwa na rangi ya maji ya ugali, mikwaruzo mitupu. Akaniinulia kioo kwa fahari. "Mwana wanje, sahani yenu hii ilikuwa na ukungu wa miaka. Subiri nimalizie, utajiona mpaka moyoni." Baba alifika nyuma yangu na shati la kazi. Alikitazama kioo, akakaa chini mchangani na suruali yake iliyopigwa pasi. Dada mkubwa hagombezwi, kwa hiyo maneno yaliyomtoka yalikuwa, "Shikamoo, dada," ingawa walikwishasalimiana alfajiri. Shangazi alipoelewa alichofanya, alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mana yanje, Mungu wangu! Nimemtoboa jicho ndugu yangu!" Alilia, nami nikalia, na baba akabaki kutubembeleza sote wawili huku yeye mwenyewe akihitaji wa kumbembeleza.

Jioni ile tulikirudisha kioo mahali pake, kwa ubishi tu. Kukirudisha ni nusu ya kazi, maana lazima vioo viwili vitazamane sawasawa, na huo ulinganifu unatafutwa kwa skrubu tatu zilizo nyuma ya bomba. Baba alichungulia penye tundu la jicho kupitia kizibo cha dawa ya kikohozi alichokitoboa katikati, na mkono wake haukufika nyuma, kwa hiyo skrubu zilikuwa zangu. "Kaza. Kidogo. Rudi. Umepita, Zuhura, rudi." Duara dogo likaingia katikati ya duara kubwa. Tukalenga nyota, na nyota ikatoka imefunikwa na ukungu, kama unaitazama kupitia mvuke wa chungu. Mimi, kwa hasira na kwa mazoea ya mtoto wa ziwani anayekinga jua, niliweka kiganja mdomoni mwa bomba. "Umefanya nini?" baba aliuliza. Nikadhani nimekosa. "Usiutoe huo mkono! Usogeze!" Nikausogeza polepole, na kila nilipoufunika upande uliosuguliwa, ukungu ulipungua. Ile nusu ya kioo iliyobaki nzima ilikuwa bado inafanya kazi yake. Ile nusu nyingine ilikuwa inaichafulia mwanga tu.

"Kifuniko!" baba alipiga kelele. "Nipeni kifuniko chochote!" Shangazi alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimwaga maharage yote kwenye ungo na kutuletea kifuniko cha ndoo yake. Tulikipunguza kwa mkasi kikaenea mdomoni mwa bomba, kisha kwa kisu kilichopashwa moto baba akakata tundu la duara upande mmoja, mbele ya ile nusu nzima. Mwanga ungepungua, lakini ungekuwa safi. Shangazi alishika taa muda wote, midomo yake ikisema sala.

Kesho yake, baada ya magharibi, walikuja. Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani, mwezi uliomegeka ubavu umewaka nyuma yetu, na mbele, juu ya ziwa, Zohali ilikuwa imetulia. Mama alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, mkono kiunoni. Misago akainama, akaweka jicho. Akakaa hivyo muda mrefu. "Vipi, nahodha, kimepinduka?" mtu akamtania, na watu wakaangua kicheko. "Nyamazeni," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kisha akanyanyuka, akanitazama mimi badala ya baba. "Ina pete. Imevaa pete kabisa! Hii hata ukiigeuza ni ileile." Hapo sauti yake ikarudi, na nadhani Ujiji walisikia. Aliwapanga watu foleni mwenyewe na kumfukuza kila aliyegusa bomba. Baba alimwambia kila aliyeinama kwamba kifuniko kile ni cha dada yake wa Kalinzi. Shangazi alipofika zamu yake alipiga vigelegele jicho likiwa palepale, bomba likatikisika, ikabidi tulenge upya. Asubuhi Misago alirudi peke yake, akaomba aonyeshwe mtumbwi wake ukiwa tumbo juu. Alicheka mpaka akashika mbavu, na maandazi ya mama yakaisha kabla ya jua kupanda.

Leo nina darubini yangu, kubwa kuliko ile, na vioo vyake navilinganisha kwa kimulimuli chekundu cha leza bila kumsumbua mtu kukaza skrubu. Karabai zimekwisha. Wavuvi wana taa za sola, na usiku wa giza ziwa linawaka kama mji, kwa hiyo nami husubiri mbalamwezi kama wao. Baba mikono inamtetemeka, lakini bado ananiambia nimepita, nirudi. Majuzi Shangazi alishuka kutoka Kalinzi, mzee kweli sasa, nikamlengea Zohali kwa hii mpya. Pete ilikuwa kali kuliko siku ile, na pengo jeusi ndani yake likionekana wazi. Alitazama kwa adabu, akanisifu, halafu akaniuliza, "Na hiki cha kwako, nani alikiosha?" Nikamwambia hakijaoshwa na mtu. Akaguna. "Niletee kile changu." Basi nikalipita beseni ambalo mama bado anakingia mvua mlangoni, nikaingia ndani, nikalibeba lile bomba jeupe na kifuniko chake mdomoni, ambalo halijawahi kuwa mfereji hata siku moja.