Siku Kumi bila Neno

Nimeombwa nieleze ugonjwa wangu wa koo ili wanaoogopa kisu wapate moyo. Nitaeleza. Ila habari hii haina furaha tupu, na anayetaka furaha tupu aniwie radhi.

Mimi ni mzaliwa wa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa Waswahili wa karibu na msikiti. Nilikuwa nauza ndagala sokoni, wale samaki wadogo wa ziwani, na nilikuwa na sauti. Wenzangu walinitania kwamba nikiita wateja Rumonge, watu wa Magara, mji mwingine wa mbali ufukweni, wanageuka kutazama. Mwaka wa uhuru, sitini na mbili, tuliimba barabarani siku tatu na mimi ndiye niliyeongoza nyimbo. Siku ya nne sikuweza kumeza hata mate. Watu walisema ni uchovu wa furaha, kumbe yalikuwa mafindofindo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Tangu hapo yalirudi kila masika. Zile nyama mbili za kooni zilivimba zikakaribia kugusana, homa ikapanda, masikio yakauma, na mdomo ukanuka hata mume wangu Hamadi akawa analala amenipa mgongo. Mama mkwe wangu, Bi Mayasa, alinitibu kama alivyotibiwa yeye utotoni. Alichovya kidole gumba kwenye chumvi na majivu, akakandamiza mpaka usaha ukatoka. Nililia, nikatapika, nikapona. Masika iliyofuata yakarudi. Tulikwenda hivyo miaka kumi.

Masika ya sabini na mbili mdomo ulikataa kabisa kufunguka. Mate yalinitiririka kifuani. Nililala nimekaa, maana nikijinyoosha pumzi ilikatika. Hamadi akamwambia mama yake, "Mama, nakuheshimu, lakini kidole basi." Akanipandisha kwenye lori lililobeba mapipa ya mafuta ya mawese, tukaenda hospitali Bujumbura.

Daktari alikuwa Mzungu na alisema Kifaransa. Aliyenigeuzia maneno yake alikuwa muuguzi mmoja, Melkiori, mwenyeji wa vilima vya juu ya Rumonge. Alinijua, kwa sababu mke wake Skolastika alikuwa mteja wangu. Aliniambia, "Muganga anasema itabidi kukata, Mama Asha. Kwa mutu mukubwa inauma kupita kwa mutoto. Sikufichi." Nilimpenda kwa hilo. Wengine wote walikuwa wakinidanganya kwamba si kitu.

Walinichoma sindano siku nyingi ili usaha ukauke kwanza. Kisha nikakalishwa kwenye kiti, nikafungwa kitambaa cha mpira shingoni, nikachomwa sindano ndani ya koo lenyewe. Melkiori alisimama nyuma yangu akakishika kichwa changu kifuani pake. Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyoogopa. Kilichonitesa ni kusikia, maana nyama ya koo ikikatwa unaisikia ndani ya masikio, kama kanga inayochanwa. Damu ya moto ilijaa mdomoni, nikatema kwenye karai. Melkiori alikuwa akinihesabia pumzi kwa Kirundi, taratibu, mpaka wakamaliza.

Kabla sijaruhusiwa Melkiori aliniambia, "Usiseme. Siku kumi, hata neno moja. Kunywa maziwa ya baridi na uji iliyopoa. Kooni utaona weupe, usiikwangue, ni mwili inajifunika. Lakini ukiona damu, usingojee."

Nikarudi nyumbani bubu. Nilipotaka kitu niliandika kwenye ubao wa chuo cha Kurani aliosomea binti yangu. Niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndizo pekee nilizofundishwa, na Hamadi na Bi Mayasa walizisoma bila shida. Hamadi alisema nyumba haijawahi kuwa na amani kiasi hicho. Nilimtupia chaki.

Siku ya sita maumivu yalizidi, yakachoma mpaka masikioni. Bi Mayasa akanionea huruma. Kwetu Rumonge mawese ni dawa ya kila kitu, hata kitovu cha mtoto hupakwa. Akayapasha moto kidogo, akaninywesha kijiko asubuhi na kijiko jioni. "Kunywa, mwanangu, yanalainisha." Kesho yake nilitema nikaona wekundu. Bi Mayasa akachungulia karai akasema, "Ni mawese yako hayo." Nami nikakubali, kwa sababu yalikuwa mekundu kweli na kwa sababu nilitaka yawe mawese. Nilitema tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilisikia ladha ya chuma nikameza. Kisha nikatapika kitu cheusi chenye mabonge, na vidole vyangu vikawa baridi.

Mungu alivyo mwema, Melkiori alikuwa amepewa likizo ya kwenda kubatizisha mtoto wake huko kilimani, akapita kuniangalia. Alitazama karai, akachukua kata ya maji akamimina ndani. Maji yote yakawa mekundu.

"Mawese inaelea juu," akamwambia Bi Mayasa, bila ukali. "Hii imechangamana na maji. Iko damu."

Alichemsha vitambaa, akanawa, akazungushia kitambaa kidole, akakiingiza kooni mwangu akakandamiza. Nilimng'ata. Mwili wenyewe ulimng'ata, sikuweza kuuzuia. Yeye hakukitoa kidole. Alikaa hivyo, kidole chake katikati ya meno yangu, mpaka jua lililokuwa kizingitini likapanda ukutani. Damu ilisimama. Alipokitoa, kidole chake nacho kilikuwa kinatoka damu. Bi Mayasa alilia akaomba msamaha, na Melkiori akamwambia, "Mama, wewe ulitaka kumusaidia. Sasa tunahesabu upya. Siku kumi."

Siku ya tatu ya hesabu mpya, mambo yaliharibika. Sabini na mbili kila mtu wa pwani yetu anaijua, sihitaji kuieleza yote. Kwanza walipita watu wenye mapanga, tukajifungia ndani. Kisha wakaja askari, na baada ya askari yakaja malori. Njia ya Bujumbura ilifungwa, hivyo Melkiori alibaki kwao kilimani. Hamadi alikuwa akitoka kidogo kutafuta unga na kurudi na habari. Walikuwa wanaitwa waliosoma, walimu, makarani, wauguzi. Wanaambiwa wafike komine, ile ofisi ya serikali, waulizwe maneno mawili. "Wanakwenda wenyewe, wamevaa vizuri," Hamadi alisema. "Hakuna hata mmoja aliyerudi."

Siku ya nane, asubuhi, nilikuwa peke yangu. Hamadi alikuwa ametoka, Bi Mayasa alikwenda kuteka maji. Melkiori akabisha hodi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Amahoro, Mama Asha. Fungua mudomo nione." Akatazama. "Iko muzuri sana. Bado siku mbili tu." Kisha akasema kama mtu anayetaja jambo dogo, "Mimi napita komine, wameniita. Nitarudi muchana."

Nikachukua ubao. Nikaandika: Usiende, hawarudi. Nikamsogezea usoni.

Aliutazama. Yeye alisoma kwa mapadri, herufi zetu hakuzijua. Akatabasamu. Nadhani aliona ni dua ya shukrani. "Murakoze, Mama, asante. Utanishukuru na sauti, ikirudi."

Nikamshika mkono wa shati. Nikatikisa kichwa. Akadhani naogopa damu. "Haitarudi tena, usiogope," akasema, akauondoa mkono wangu polepole, akaenda.

Nataka nisijifiche hapa. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa hatua tano mbele yangu, hatua kumi, ishirini. Koo lilikuwa langu na ningeweza kulitumia. Neno moja lingetosha. Lakini nilikumbuka lile karai na ule ubaridi wa vidole, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nisiseme. Nikatii. Nilisimama mlangoni na ulimi wangu mzima mdomoni, nikamwangalia mpaka shati likapotea barabarani.

Hakurudi mchana. Hakurudi.

Siku ya kumi na mbili Skolastika alikuja, mtoto mgongoni, amechoka. Watu walimwambia mume wake alionekana kwangu. "Alipita hapa?" akauliza. Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka, nyembamba, safi, bila maumivu yoyote. Hilo lilikuwa neno la kwanza la koo langu jipya: "Alipita."

"Alisema nini?"

"Alisema nitapona."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia, "Nilimshukuru."

Alishika mikono yangu akalia. Akasema angalau mtu alimshukuru siku ile. Sikumsahihisha siku ile wala baadaye. Aliondoka na watoto wake kupitia Kabonga, karibu na mpaka, akavukia Tanzania, na sijui aliishia wapi.

Mafindofindo hayajanirudia hadi leo. Mwaka uliofuata nilijifunza herufi za Kizungu, nikiwa mama wa watoto watatu, nimekaa na watoto wadogo kwenye benchi, nao wakinicheka. Lakini mpaka sasa, nikiwa sokoni au jikoni, huwa naona shati jeupe linakwenda barabarani.

Kwa hiyo wewe unayeogopa kisu, usiogope. Nenda ukakatwe. Kunywa maziwa baridi, usikubali mawese hata kama anayekupa anakupenda, na ukitema chochote chekundu kitie maji. Nyamaza kama ulivyoambiwa. Lakini ukimwona mtu anakwenda kufa, sema, koo lipasuke likitaka. Damu yangu ingeweza kusimamishwa tena, maana aliyejua kuisimamisha alikuwa bado barabarani.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Hamadi, na Bi Mayasa aliyelala kwa imani. Na wewe Skolastika, popote ulipo, au wanao kama wapo: sikumshukuru. Nilimwandikia asiende. Nilikuwa na sauti, na sikumwita.