Siku Shamba Lilipooshwa

Shangazi yangu hakuzaliwa mgomvi. Jina la Kero alipewa na walinzi wa kiwanda, baada ya kumzoea getini na mche wa mchicha uliokauka mkononi, akiuliza kama meneja yupo. Meneja hakuwepo hata siku moja. Basi shangazi anauacha mche juu ya meza ya walinzi, anarudi zake shambani.

Kiwanda chenyewe kinayeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Bomba lake la moshi liko ng'ambo ya barabara tu. Upepo ukigeukia kwetu, mboga zinafunikwa na vumbi la kijivu, na mdomoni unabaki na ladha ya sarafu. Mume wa shangazi alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda hichohicho, akafa mikono ikimtetemeka. Msibani watu walingoja shangazi alie, wakachoka. Mimi aliniambia, "Sisikii kitu, mwanangu. Ni kama mguu uliokufa ganzi. Unautembelea, lakini si wako."

Kwa ganzi hiyohiyo akapita nyumba hadi nyumba, akaunda kamati ya wanawake wenye mashamba. Tuseme ukweli, kamati ile ilikuwa hodari wa soga kuliko vikao, na nusu yao walifuata chai. Lakini walisimama na mabango juani, wakatukanwa na madereva wa malori, hawakutoka. Mwisho wake ofisi ya mazingira ikakubali kuleta wakaguzi. Wangechuma majani ya shamba la shangazi wakayapime. Yakikutwa na vumbi la risasi, tanuri linazimwa. Yasipokutwa nalo, shauri linafungwa, na tuvute moshi wetu kimya kimya.

"Msiguse kitu," shangazi aliwaambia wote. "Acheni kila kitu kilivyo." Wakaitikia kwa pamoja.

Asubuhi ya ukaguzi mimi na yeye tukaenda njia panda kuwapokea wakaguzi, maana hawakuijua njia. Gari lao likachelewa. Nyuma yetu, mama mkwe wake akatoka nje. Bibi yule haoni vizuri, vidole ndivyo macho yake. Akapapasa jani moja, akakuta vumbi. Akapapasa la pili. Wageni wa serikali wako njiani, na shamba la mkwe wake liko katika hali hii! Akawaita wanawake wa kamati kwa ile sauti yake ambayo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuikataa. Wakafagia njia. Wakanyunyiza maji uani. Kisha wakachukua ndoo na vitambaa, wakaosha mchicha jani kwa jani, juu na chini. Mweka hazina wa kamati, yule aliyebeba bango kubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa akisuuza.

Tulipofika, shamba lilikuwa linameta. Kiwanda nacho kilikuwa kimejiandaa kwa wageni, kinatoa moshi mwembamba, mweupe, wenye adabu zake. Nilitamani kumzaba mtu kofi, sikujua nianze na nani. Nikamtazama shangazi. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Karibuni, karibuni wanangu," bibi akasema, akipangusa viti. "Mtuwie radhi, muda ulikuwa mdogo."

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Nikamvuta pembeni. "Kaka, haya majani yameoshwa sasa hivi. Maji hayajakauka hata."

"Naona, dada. Lakini mimi nachukua ninachokikuta."

"Basi chukua udongo."

"Kibali chetu ni cha majani tu."

"Rudini siku nyingine, bila kutuambia."

"Kwa gari lipi?" akauliza, na nadhani alikuwa anasikitika kweli. Akachuma majani yake, akayafunga kwenye mifuko, akanywa chai ya bibi, akasifu usafi. Wanawake wa kamati walikuwa wanatazama miguu yao. Shangazi hakumgombeza hata mmoja. Aliokota ndoo zilizotapakaa, akazirudisha kwa wenyewe.

Majibu yalikuja kwa simu, shangazi akiwa jikoni. Alisikiliza, akasema asante, akaiweka simu kwenye dirisha. Majani hayakuwa na tatizo. Shauri limefungwa. Nje moshi ulikuwa umerudia weusi wake wa kila siku, na hakuna aliyeinuka kufunga dirisha.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, anachambua maharage kwa vidole. "Ni wale wageni?" akauliza. "Wamesemaje?"

Nikafungua mdomo. Shangazi akanikata jicho, nikaufunga.

"Wamesema shamba letu ni safi, mama."

Uso wote wa bibi ukachanua. Akaunyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa mkwe wake, akaubana kwa nguvu. "Si unaona? Nilijua. Sasa kile kiwanda watakifunga tu. Serikali haiwezi kuona shamba safi namna hii ikaacha lichafuliwe."

"Ndiyo, mama," shangazi akasema. Akautoa mkono wake taratibu, akaendelea kumenya viazi. Mimi nilitoka nje nikalia.