Pawa ya Omanga Iliyorudi Jua Likizama

Jirani yangu Omanga huuza mahindi na maharagwe sokoni Kegonga, lakini ukimkuta nyumbani hutasikia habari za mahindi. Utamkuta stoo na misumeno yake ya injini, ile ambayo huku tunaiita pawa. Anazo kadhaa, zimetundikwa ukutani. Nyingine aliziokota Isebania zikiuzwa kama chuma chakavu. Hakati miti ya watu kwa malipo. Anapenda tu kuzisafisha, kuzinoa na kuzilinganisha. Huweka gogo la mkaratusi, akalikata kwa hii, kisha kwa ile, halafu anachuchumaa kuangalia kilichoanguka chini.

"Hii imetoa vipande, ni kali," ataniambia. "Hii imetoa unga. Mnyororo wake umechoka."

Nami huitikia tu, maana sisi wawili si watu wa maneno mengi.

Anayoipenda kuliko zote ni kubwa, ya rangi ya chungwa iliyopauka. Ni ya zamani, na spea zake hazipatikani tena, si Migori mjini, si ng'ambo ya mpaka kule Sirare. Injini yake ikifa, basi imekufa. Na ndiyo hiyo Boaz alikuja kuazima. Boaz ni jirani yetu wa upande wa mtoni, na mkaratusi ulikuwa umeinamia jikoni kwake. Omanga aliona haya kumwambia achukue nyingine.

Boaz alikaa nayo wiki kadhaa, akairudisha Ijumaa jua likiwa linaelekea kuzama. Mimi nilikuwepo. Omanga ni Msabato, na kwake jua la Ijumaa likizama kazi hukoma mpaka lizame la Jumamosi.

"Imefanya kazi, mzee," alisema. "Mti uko chini. Ila sasa imekataa kuwaka."

Omanga aliivuta kamba. Ilikuja kwa uzito, na injini haikukohoa hata kidogo.

"Ulitia nini?"

"Petroli. Safi kabisa."

"Na oili?"

"Nilitia pia. Si kuna mahali pake pale pembeni? Nilijaza."

Omanga alichukua bisibisi. Pale pembeni huwekwa oili ya kulainisha mnyororo. Boaz ni mtu wa pikipiki, na kwenye pikipiki yake oili ina mahali pake na petroli mahali pake. Pawa haiko hivyo. Injini yake hunywa petroli iliyokwishachanganywa na oili kwenye mtungi. Ikinywa petroli tupu, pistoni hukwaruzika mpaka inakwama.

Omanga alikuwa bado ameishika bisibisi mkewe Mong'ina alipoita kutoka mlangoni, "Baba Moraa, jua ndilo hilo. Njoo tufungue Sabato."

"Fungua kwanza skrubu mbili tu," alisema Boaz. "Mungu hawezi kukasirikia skrubu."

"Wewe nyamaza," Mong'ina alimjibu. "Ungeileta asubuhi, saa hii tungekuwa tunajua. Ulikuwa umejificha wapi?"

Boaz akatazama viatu vyake. Omanga aliweka bisibisi chini, akaifunika pawa kwa gunia kama mtu anayefunika maiti, akaingia ndani.

Siku iliyofuata nilimwona akienda kanisani na Biblia kwapani. Alasiri nilikwenda kukaa naye uani. Hakuitaja pawa, kwa sababu siku hiyo hapendi kuzungumza mambo ya kazi, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye mlango wa stoo na kurudi. Boaz naye akaja, akakaa mbali kidogo. Jioni walipoimba wimbo wa kufunga Sabato, Boaz, asiyejua hata mstari mmoja, alikuwa anachezesha midomo.

Amina haijapoa, Omanga alikuwa stoo. Alifungua skrubu za ekzosi, pale moshi unapotokea, akaitoa, akachungulia ndani. Ilikuwa imejaa udongo mkavu. Alichokoa kwa msumari, kikatoka kipande kizima na vibuibui vilivyokauka ndani yake. Ni nyigu wale wanaojenga kwa udongo na kuwawekea watoto wao buibui wa kula. Kisha akamulika tundu la injini kwa tochi ya simu. Pistoni ilikuwa inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja.

"Boaz," alisema polepole. "Hii haijawaka kwako. Moshi ungetokea wapi?"

Boaz alikuna kichwa. "Niliiweka ghalani nikingoja mvua ipungue. Siku ya kukata nikavuta kamba mpaka bega likavimba. Ikakataa."

"Na mti?"

"Nilikata na shoka."

Mong'ina alishika mwimo wa mlango kwa kicheko. "Shoka! Na jana ukasema imefanya kazi!"

"Mama Moraa, ningesemaje kwamba pawa imenishinda? Watu wote wa boma walikuwa wamesimama wanatazama."

Omanga naye akaanza kucheka, mabega yakimtetemeka, mpaka akakaa juu ya gunia la maharagwe na kufuta macho. Nyigu wale ndio waliozuia petroli tupu isiiue injini yake.

Alimwaga petroli ya Boaz, akatia yake iliyochanganywa, akarudisha ekzosi. Kamba ikaja laini. Injini ikakohoa, ikatoa moshi wa samawati, kisha ikanguruma mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Aliiacha ingurume, kichwa amekiinamisha, akisikiliza.

Alipoizima, alimwita Boaz karibu na kumpa mtungi wa mchanganyiko.

"Nusa," alimwambia.

Boaz akanusa. "Kumbe humo ndimo oili inamoingia?"

"Humo."

"Na ile niliyojaza pembeni?"

"Hiyo iache," alisema Omanga. "Mnyororo utaitumia."