Kiroba Kimoja cha Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa darasa, nilipewa rundo. Mkuu wa Idara ya Jiolojia, mzee mkimya wa suti ya kaunda, aliniwekea mezani vitabu vya majibu ya mtihani wa mwisho na kalamu nyekundu, akasema, "Hapa hatusahihishi watu, kijana. Tunasahihisha karatasi." Niliipenda sana kauli ile. Mimi mtoto wa Maganzo nilikua nikiwaona madalali wa almasi wakimpima mtu kwa viatu vyake. Nikadhani hatimaye nimefika mahali penye haki.

Ninyi vijana mjue, wakati huo shahada ilikalia mtihani mmoja wa saa tatu mwishoni mwa muhula. Majaribio madogo yalikuwepo, lakini uzito ulikuwa pale. Ukianguka unarudia mtihani, ndiyo sapu. Ukianguka sapu unaondolewa chuoni, na hilo wanafunzi wanaliita disko, ingawa sijaona aliyecheza. Nilifundisha hivyo miaka mingi, Shinyanga kwanza, kisha nikahamishiwa tawi letu jipya upande wa Geita. Somo langu lilikuwa uchukuaji wa sampuli: namna ya kupima mawe machache ili ujue mwamba mzima una nini.

Limi alikuwa mwaka wa tatu, binti wa mama lishe wa Nyarugusu. Alishaanguka somo langu, sapu inamsubiri, na nyuma ya sapu disko. Siku hiyo tulikuwa Nyarugusu kwa vitendo, tumesimama kando ya duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, nami nahubiri kama kawaida yangu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukiletewa kiroba kimoja cha mawe, utasema umelijua duara lote?"

"Nitakuwa mwendawazimu," nikamjibu. "Unachukua juu, katikati, chini, na pembeni."

"Sasa sisi mbona mnatuchukua kiroba kimoja?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilikasirika, tena sana, maana wachimbaji walikuwa wanasikia. Lakini njia nzima ya kurudi nilibishana naye kichwani, na kila mara alishinda yeye. Hasira ikaisha, ikabaki hamu ya kujua. Je, binti huyu tukimpima sehemu nyingi, tutakuta nini?

Nikaenda kwa Mkuu wa Idara wa tawi letu, mama asiyependa maneno mengi, nikamweleza habari ya Limi, nikamwomba muhula mmoja wa kujaribu kulipima darasa sehemu nyingi.

"Unataka kumbeba," akasema.

"Nataka kumjua."

Akanitazama. Ripoti za wanafunzi zilikuwa zimeanza kufanana mno, zinaandikwa na programu za simu, na jambo hilo lilikuwa linamkera. "Jaribu," akasema, "arudie somo na hilo darasa badala ya sapu. Lakini mtahini wa nje awemo." Huyo ni mwalimu wa chuo kingine anayekuja kukagua kama alama zetu ni za haki. "Na ukishusha kiwango, utajibu wewe."

Tukawapima kotekote. Mwanafunzi alipewa jiwe mkononi aseme anaona nini, na kwa nini. Aliandika ripoti, tukairudisha na maswali, akaiandika upya na kuitetea kwa mdomo, hapo simu haimsaidii. Tukawapeleka machimbo ya Mwakitolyo wawaeleze wachimbaji kwa Kiswahili yale waliyokuwa wanayakariri kwa Kiingereza. Jamani, niliona mambo. Kijana wetu wa kwanza darasani, wa A tupu, alilishika jiwe kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzie. Limi kwenye jiwe hakukamatika. Ila kila alipofika kwenye hesabu ya ujazo wa mwamba alikwama, kwenye karatasi, kwa mdomo, hata pale shimoni.

"Kumbe mtihani wa zamani haukumsingizia," akasema Mkuu wa Idara.

"Haukumsingizia," nikakubali. "Ila ulinyamazia mengine yote."

Kamati ya mitihani ikakaa. Mtahini wa nje akapendekeza Limi arudie hesabu peke yake. Tukaifanyia kazi juani, kwa futi kamba, kwenye duara lenyewe, mpaka ikamkaa. Akafaulu. Siku ya matokeo alikuja ofisini, nami nikatarajia vigelegele. Akapiga goti kunisalimu, kisha akauliza, "Mwalimu, na wale waliodisko kabla yangu?"

Nimestaafu nalo swali hilo.

Na bado sijui sampuli ngapi zinatosha kumjua mtu. Njia yetu inachosha, darasa likijaa inachosha zaidi, na anayewaambia ni rahisi anawadanganya. Lakini sasa nina muda. Nikienda Nyarugusu napita kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, maana huko niliowafundisha hawakosekani. Mwezi uliopita nikamkuta Masanja, aliyeondoka kwa disko enzi zangu za Shinyanga. Kichwa mvi, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba." Nikaokota jiwe, nikampa. "Hebu niambie unaona nini."

Akaligeuzageuza, akalilowesha kwa mate, akaliinua kwenye jua. Kisha akanitazama usoni, bila hasira.

"Mwalimu, leo ndiyo unaniuliza?"

Nikavuta ndoo iliyokuwa karibu, nikaigeuza, nikakaa. Akaanza kueleza.