Illinois Ilikunywa Nini?

Ni mimi. Kwa miaka arobaini nimekana, harusini na matangani, na kwa padri nimekana kwa kunyamaza. Aliyemuuliza mwalimu swali lile la Illinois ni mimi, si Mado.

Mliosoma Lubumbashi enzi zetu mnaikumbuka shule: dawati la watu watatu tulilokalia watano, vumbi jekundu kwenye soksi nyeupe, mikate ya mafuta iliyofungwa kwa karatasi ya daftari la mtu aliyefeli hesabu. Wakati wa mapumziko tulipanda kichuguu na kuteleza kwa makalio, kisha nyumbani tukaeleza kwamba sketi ilichanika yenyewe. Mama alikuwa na jibu moja: "Njia ya muongo iko fupi." Yangu, mama, bado naitembea.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alipenda mito. Alipoumaliza Kongo alivuka bahari akatufundisha Misisipi, akiuchora kwa chaki, na ubao ulipokwisha akaendelea ukutani. Kando yake, alisema, waliishi watu walioitwa Illinois. Nyumba zao ndefu zilifunikwa kwa mikeka, na walilima mahindi tangu kabla Mzungu hajafika kwao kwa mtumbwi. Hata bukari, ule ugali tuliokula mchana, mbegu ya mahindi yake ilitoka bara lile. Tulinuna kidogo, tulidhani bukari ni yetu. Baadaye, akasema kwa sauti ya matanga, ardhi yao ilichukuliwa, wakasukumwa magharibi, na jimbo likabaki na jina lao.

Tatizo lilikuwa Kifaransa. Kwa Kifaransa Illinois hutamkwa "ilinwa", na kwetu kunywa ni kunwa. Mimi, niliyekuwa nasinzia kwa sababu ya bukari hiyohiyo, nikaelewa kwamba kuna serikali huko Amerika ilikunywa. Sarufi haikuniunga mkono, lakini nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza kwa nia njema kabisa:

"Ilikunwa nini?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta wake, na mtaa mzima ulijua anavyopenda pombe ya munkoyo uliochacha, kwa hiyo akadhani anasemwa yeye. Alipogeuka alimwona jirani yangu wa dawati, Mado, akicheka kuliko wote. Mado alikuwa mgeni, ametoka Sakania kwa treni wiki ileile. Akampigisha magoti mpaka kengele. Mimi niliinamia daftari kama msomi. Tangu siku ile wakamwita Mado Ilinwa, na mpaka leo sokoni Hewa Bora, anakouza vitambaa, ukiuliza Mado tu hutaelekezwa.

Juzi binti yangu aliuliza simu yake habari za Illinois, ikajibu kabla hajamaliza kuuliza. Watoto wa leo, maskini, hawapewi hata nafasi ya kusikia vibaya. Akanisomea kwamba wazao wa watu wale bado wapo, wengi huko Oklahoma, na kwamba jina lao, kwa wajuao lugha ile, lilihusu kusema kwa namna ya kawaida. Majirani walilitamka kwa namna yao, Wafaransa wakalipokea na kulipinda zaidi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja na makosa mengi, na makosa yale tulibebeana. Langu alikuwa amelibeba Mado.

Nikampigia. Nikaungama yote, mpaka ile sketi, nikamwambia nitaliandika jambo hili ili watu wajue ukweli na wamwache na jina lake la ubatizo.

Mado akaniuliza: "Bea, miye nilikaa pembeni yako. Sikukusikia?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Nilikuwa na wiki moja mu ile classe, hakuna mutu alikuwa ananijua. Nilitoka tu mu magoti, bote banakuja: Ilinwa, Ilinwa, kuja tucheze." Nikasikia anamkatia mteja kitambaa huku anacheka. "Andika, mama, kama unataka. Lakini jina iko yangu. Weye tafuta yako."